Vidonge vya Mama

Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kiume, huu mwaka wa kumi na tisa, na nikikwambia mwili wa mtu hauwezi kunidanganya usidhani najisifu. Mdomo ndio unaodanganya. Mteja ananiapia hajanenepa hata kidogo, ni suruali ndiyo iliyorudi ilipofuliwa. Mwingine anavuta tumbo ndani mpaka macho yanamtoka, ati nimpime hivyo hivyo. Namwambia, "Pumua baba, koti hili utalivaa ukiwa hai." Utepe ukishapita kiunoni, maneno yote yamekwisha.

Sasa nieleze mwenyewe ilikuwaje uongo ukakaa miezi saba ndani ya nyumba yetu na mimi nisiuone.

Kwa mama tumezaliwa wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu wa kiume anafundisha mazoezi kwenye jimu iliyo ghorofani, juu ya duka la matairi, na wenzake wanamwita Simenti. Wasiomjua zamani wanadhani alizaliwa hivyo. Mimi niliyembeba mgongoni najua alikuwa mwembamba kama ufito, shati la saizi ya mtoto linampwaya. Alipofika miaka ishirini na tano akaanza kujaa, na tangu hapo kila baada ya miezi sita nampanulia nguo. Bado anaishi kwa mama, chumba cha nyuma. Mimi nimeolewa mtaa wa pili, lakini kwa mama sikosi kila Jumapili.

Mama alikatwa titi la kushoto miaka mitatu iliyopita. Baada ya matibabu kwisha, daktari akampa kidonge cha kumeza kila siku, kimoja, kwa miaka mitano bila kuruka. Alitueleza vizuri: saratani ya mama ni ya aina inayolishwa na homoni ya kike, ile wanayoiita estrojeni, na kidonge kile kazi yake ni kuizibia njia. Basi. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda dirisha la dawa kila mwezi. Vidonge vinakuja vimepangwa saba saba kwenye karatasi ngumu ya kung'aa, na mimi kwa kutoamini kumbukumbu ya mzee, nilikuwa naandika siku nyuma ya kila kidonge kwa kalamu ya wino mzito: Jumatatu, Jumanne, mpaka wiki iishe. Boksi likiisha naleta jingine. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki, siku ya kawaida ya kuangaliwa. Daktari wetu ni mwanamke wa rika langu, hana maneno mengi. Alikuwa anampapasa mama chini ya kovu, vidole vinatembea, halafu vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo. Vikasimama tena palepale.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Akauliza mara ya tatu, na hapo mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia dawa nazileta kwa mkono wangu huu, siku naziandika mimi, na mama yangu si mtoto wa kuulizwa jambo moja mara tatu. Daktari akachukua sindano, akavuta nyama kidogo kwenye ule uvimbe, akatwambia turudi baada ya wiki mbili, Alhamisi, kuchukua majibu. Njiani mama akaniomba nisimwambie mdogo wangu. Ana harusi baada ya miezi miwili, akasema, tusimchafulie furaha yake.

Nikanyamaza. Ungenyamaza na wewe.

Jumatano, siku moja kabla ya majibu, Simenti akaja kupimwa koti la harusi. Aliingia kiofisini kwangu kwa ubavu, maana mlango ni mwembamba na yeye si mwembamba tena, akatupa mkoba wake wa mazoezi juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Dada, safari hii niachie nafasi mabegani. Nguo zako zinanibana."

"Nguo hazikubani. Wewe ndiye unayezibana."

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," akasema, akajipiga mkono wa juu.

"Na fundi wake nani? Nikampe pole."

Alicheka. Nilimpenda sana dakika ile, na nalisema hapa kwa sababu dakika iliyofuata sikumpenda. Nilipima shingo, nikapima mabega, nikaandika. Nikamwambia anyanyue mikono, nikauzungusha utepe kifuani, nikaivutia ncha mbele kama ninavyomvutia kila mteja. Wala sikuvuta kwa nguvu.

Alipiga ukelele. Mwanamume anayenyanyua vyuma vya kilo mia alipiga ukelele, akaruka nyuma, akaigonga meza ya pasi mpaka pasi ikayumba.

"Taratibu, Dada!"

"Nimekufanya nini?"

"Hakuna kitu. Endelea tu, lakini usikaze."

Mimi huniambii hakuna kitu. Nilimfuata pale alipojibana, nikaweka vidole juu ya fulana, upande wa kushoto, chini ya chuchu. Kilikuwepo. Kigumu, cha mviringo, kinateleza kidogo kikiguswa, kama kifungo kilichosahauliwa ndani ya bitana ya koti. Nikahamia kulia. Na huko kilikuwepo, kidogo zaidi.

Miaka mitatu iliyopita mama alinishika mkono huu huu, akauweka kifuani kwake, akaniuliza, "Hiki ni nini?" Vidole vyangu havijasahau. Nikashika ukingo wa meza. Nilijua nimeshamzika mdogo wangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Aliponiona nilivyo, akaogopa yeye. Akaufunga mlango, akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe.

"Dada, si hivyo unavyofikiria. Sio ule ugonjwa. Sikiliza. Nachoma sindano."

"Sindano za nini?"

"Za kujaza mwili. Za homoni ya kiume. Jimu karibu wote tunachoma. Sasa ikizidi, mwili unaigeuza nyingine kuwa homoni ya kike, ndiyo hiyo inavimbisha kifua. Ni kawaida. Inadhibitiwa."

Alilitamka hilo neno "inadhibitiwa" kama msemaji wa serikali redioni. Na mimi, nisikufiche, kwanza nilishusha pumzi. Hafi! Ni ujinga tu, na ujinga nimeuzoea. Nikawa najiandaa kumtukana kwa raha zangu.

"Inadhibitiwa na nini?"

"Kuna vidonge. Ukiona chuchu inawasha, unameza, ile homoni ya kike inazibiwa njia, uvimbe unanywea."

Inazibiwa njia. Maneno haya niliyajua. Niliyasikia kwa daktari, kwenye chumba chenye pazia la kijani, mama akiwa amekaa pembeni yangu na bandeji.

Niliinuka, nikaufungua mkoba wake. Taulo, glavu, chupa ya maji, kijaluba cha sindano. Chini kabisa, karatasi ngumu ya kung'aa, nusu imeshatobolewa. Nikaigeuza nyuma.

Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Mkono wangu, J yangu yenye mkia mrefu, wino wangu mzito. Nilizisoma siku za wiki moja moja, kama mtu mzima aliyeanza shule jana. Nikazirudia. Nilitaka ziwe maneno mengine.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miaka yote nimekaa katikati ya nguo nikidhani ni methali ya watu wengine.

Rula yangu ya mbao ilikuwa karibu. Nilimpiga nayo begani kwa nguvu zangu zote, ikavunjika vipande viwili, yeye hata hakutikisika. Kweli ni simenti. Nikamtupia kipande kilichobaki.

"Umekula dawa ya mama yako?"

"Dada..."

"Umekula dawa ya saratani ya mama yako ili uwe na kifua kizuri?"

"Madukani hawaniuzii bila cheti, na za mtaani ni feki! Na mama alishapona! Kitu kilikatwa, kikaenda zake. Nilijua hizi ni za kumalizia tu."

"Nani alikwambia ni za kumalizia?"

Alianza kujitetea haraka haraka, mikono ile mikubwa inatapatapa hewani. Alikuwa hachukui zote, akasema. Mwanzoni alikuwa anachukua tatu, nne, nyingine anamwachia.

"Nilikuwa namwachia, naapa! Lakini nikirudi wiki ya pili nakuta zile nilizomwachia ziko vilevile, hajazigusa. Kila mara. Nikajua ameziacha mwenyewe. Nikaona zinakaa bure."

"Hajazigusa?"

"Hata moja. Muulize."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

Miezi saba. Nilihesabu Jumapili zote nilizokwenda pale, nikanywa chai, nikamuuliza mama dawa vipi, akanijibu naendelea nazo mwanangu. Nilikuwa na hasira ya watu wawili sasa, na sikujua nianze na yupi.

"Kesho saa nne," nikamwambia, "tunakwenda kuchukua majibu ya mama. Ameota uvimbe mwingine. Alinikataza nisikwambie, asikuharibie harusi."

Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu vile. Alitafuta kigoda kwa mkono bila kukitazama, akakaa, na kigoda kikalia. Akawa anarudia neno moja tu, "Uvimbe? Uvimbe?" Sikumfariji. Nilimwambia kesho atakuja, na atasema kwa mdomo wake, la sivyo nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya zaidi.

Alhamisi tulimkuta mama ameshajitayarisha, amevaa gauni nililomshonea lenye mfuko wa ndani upande wa kushoto, wa kuwekea sponji. Alipomwona mwanawe mlangoni alishtuka, akanitazama mimi kwa jicho la kunilaumu. Halafu uso ukalainika. Kwenye benchi la kliniki alimshika mkono, akawa anaupapasa.

"Umefanya vizuri kuja, mwanangu," akamwambia. "Usiogope. Daktari huyu ni mpole, haumizi."

Nilifikiri mama ameanza kuchanganyikiwa. Mgonjwa ni yeye, anamtuliza msindikizaji! Simenti aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Tukaitwa. Chumba kidogo, viti vitatu vya plastiki, kitanda kimetandikwa karatasi. Daktari alikuwa ameshalifungua faili. Hakuzunguka.

"Mama, imerudi," akasema. "Iko karibu na kovu, na kuna tezi za kwapani zinatia wasiwasi. Nitahitaji picha zaidi nijue imefika wapi. Tiba ipo, na tutaanza upya. Lakini lazima nijue jambo moja, na leo naomba nijibiwe ukweli. Dawa ilikuwa inamezwa?"

Mama akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Sema," nikamwambia mdogo wangu.

Akasema. Alisema akiitazama sakafu, kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mwembamba. Sindano, kifua kuvimba, ushauri wa jimu, karatasi kwenye mkoba, miezi saba. Daktari alivua miwani. Aliiweka mezani, akaichukua, akaiweka tena.

"Nina miaka kumi na minne katika kazi hii," akasema, na sentensi yake hakuimalizia. Aliposema tena alisema kidaktari. Uvimbe wa namna ile ukishakomaa hauyeyuki kwa kidonge, mara nyingi unaondolewa kwa kisu, kwa hiyo alikuwa akimeza dawa ambayo huenda haikumsaidia chochote. Na kuvimba kifua ndicho kitu kidogo. Sindano zile zinaweza kuwa zimeufanya mwili wake usahau kutengeneza homoni yake, na moyo na ini vinaweza kuwa vimeguswa. Damu yake ipimwe leoleo, kwenye jengo la pili, na aache sindano chini ya uangalizi wa daktari badala ya kujitibu kwa maneno ya wenzake.

"Na mama?" Simenti akauliza. "Ni mimi niliyeirudisha?"

"Sijui," daktari akasema. "Wapo wanaomeza kila siku na inarudi. Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana. Ninachojua ni kwamba miezi saba hakuwa na kinga."

Hapo ndipo nilipomgeukia mama. Nilimuuliza kwa ukali ambao haupaswi kutumiwa kwa mzazi, Mungu anisamehe, kwamba huyu mwizi amesema alikuwa anamwachia baadhi, sasa zile alizoachiwa kwa nini hakuzimeza? Kwa nini alinidanganya Jumapili baada ya Jumapili?

Mama hakunitazama. Alikuwa anamkodolea macho mwanawe kifuani.

"Sindano?" akauliza taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Za kunenepesha mwili?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nilikuwa nakuachia," mama akasema.

Nikamuuliza alikuwa anamwachia nini.

"Vidonge." Sasa alikuwa anazungumza na daktari, kama mtu anayeeleza safari yake tangu mwanzo. "Nilimwona uani, anafua, hana shati. Alisimama akajiminya hapa, akakunja uso. Mimi nilijiminya vilevile siku niliyokiona changu. Kesho yake nikaona vidonge vimepungua. Nikasema, basi, ugonjwa umemfika. Nilimnyonyesha miaka miwili huyu, na titi alilolipenda ni hilo mlilolikata. Nikajua ni mimi niliyempa."

"Mama, ugonjwa huu hauendi kwa kunyonyesha," daktari akasema kwa upole.

"Sikujua, mwanangu. Ningemuuliza nani? Mwanamume kuugua titi, na harusi iko mlangoni, angemwambia nani yeye? Nikaona anatumia kwa siri, nikasema nisimwaibishe. Vya watu wawili havitoshi. Nikawa naviweka juu ya kabati, mbele, asipate shida kuviona. Mimi nimeshaishi."

Simenti alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena maishani. Aliteremka kitini, mwili wote ule, akapiga magoti kwenye vigae, kichwa akakilaza kwenye mapaja ya mama. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikuja pale na kesi ya mwizi, na aliyeibiwa alikuwa amefungua mlango kwa mkono wake. Hasira yangu yote niliyoibeba toka jana sikuwa na pa kuiweka.

Mama akamwinua kidevu.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mama."

"Huna saratani hata kidogo?"

Akamtazama daktari badala ya kumngojea mwanawe. Daktari akasema uvimbe wa pande mbili wa namna ile, kwa mtu anayechoma sindano zile, karibu kila mara si saratani, na leo watamwangalia ili wawe na uhakika.

Mama akafumba macho. Akayafumbua, na uso wake ulikuwa umekunjuka wote, nakwambia, uso wa mtu aliyeletewa mjukuu. Nimewashonea maharusi wengi, nimewaona wakijitazama kwenye kioo changu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na furaha ile.

"Huumwi," akasema. "Ee Mungu wangu, asante. Huumwi."

Alilirudia mara tatu au nne, anamfuta machozi kwa ncha ya mtandio. Daktari aligeukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu. Kisha mama akaushusha mtandio mabegani, akakaa vizuri kwenye kile kiti cha plastiki, akaweka mikono magotini.

"Haya, daktari," akasema. "Sasa tuzungumze yangu."